Lipiko na Mpiga Picha

Picha nyingi tunazihukumu kwa kile kinachoonekana ndani yake. Tunasema picha hii ni nzuri kwa kuwa sura imetoka vizuri, mwanga umeangukia mahali pake na hakuna aliyefumba macho. Lakini zipo ngoma ambazo mchezaji hufunikwa uso kwa makusudi, na kufunikwa huko ndiko kiini cha ngoma. Mpiga picha akifika mbele ya ngoma ya namna hiyo, vipimo vyetu vya kawaida havimfai. Ndiyo sababu, msomaji wangu, nimeona nizitumie kurasa hizi kuhakiki picha za lipiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Nitazihakiki kwa namna ileile niliyowafundisha wanafunzi kuhakiki shairi au hadithi: nani anasema, anamwambia nani, kwa idhini ya nani, na nini kimeachwa nje.

Huenda mtu akauliza, Mnyaturu wa Singida ana habari gani na mapiko ya Newala? Nina majibu mawili. La kwanza ni la kazi. Serikali ilikuwa na desturi njema ya kumpeleka mwalimu mbali na kwao. Nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1974 nilipangiwa shule ya msingi wilayani Newala, nikakaa huko miaka saba. Mtu aliyekulia kwenye nchi kavu ya majabali na maziwa ya chumvi alijikuta juu ya uwanda wa Makonde. Pale mahali paitwapo Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla, na jicho linatelemka mpaka bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Huko ndiko nilikojifunza kutazama lipiko.

Jibu la pili ni la nyumbani. Sisi wanaume wa Unyaturu tulikua tukijua kwamba lipo jambo la akina mama liitwalo imaa. Tulijua jina lake, na tulijua kwamba wakati wake ukifika mwanamume hasogei. Basi, hatukujua zaidi ya hapo. Mama yangu aliingia. Baba yangu alifariki bila kujua kilichomo, wala sikumsikia hata siku moja akilalamika kwamba amepunjwa. Kwa hiyo nilipofika Newala na kuambiwa kuwa kuna jambo la wanaume ambalo wanawake hawaambiwi, sikushangaa. Niliona ni nyumba ileile, mlango tu ndio uliogeuzwa upande.

Tuelewane kwanza kuhusu kitu chenyewe. Lipiko, ambalo wingi wake ni mapiko, ni kinyago cha kuvaliwa, na pia ndilo jina la yule anayetokea akiwa amekivaa. Wamakonde wa asili ya Msumbiji huchonga kinyago kinachovikwa kichwani kama kofia. Wengi wao walivuka Ruvuma kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na wengine baadaye kuikimbia vita ya ukombozi ya 1964 hadi 1974. Wamakonde wa upande wetu walizoea zaidi kinyago cha usoni. Kipo pia kile cha kifuani na tumboni chenye umbo la mwanamke mjamzito, nacho huvaliwa na mwanamume. Mti wake ni mwepesi. Chale za usoni hutengenezwa kwa nta ya nyuki, na nywele mara nyingi ni nywele za mtu kweli. Mwili wa mchezaji hufunikwa nguo pasionekane ngozi, ili asitambulike hata kwa kovu la mkononi. Kile kinyago cha kofia huvaliwa kikiwa kimelalia nyuma kidogo, na mchezaji huona kupitia mdomo wa kinyago, wala si kupitia macho yake.

Wanawake na watoto ambao hawajaingia jando huambiwa kwamba huyo si mtu, bali ni mzuka wa aliyekufa walioufufua wanaume. Kijana huujua ukweli akiwa jandoni. Hukabiliana na lipiko, humvua, na humo ndani hukuta mtu anayemfahamu, pengine mjomba wake. Kisha hufungwa kwa kiapo kwamba hatasema. Kwa hiyo lipiko ni mtihani wa utu uzima. Mtoto anaogopa kitu ambacho hakijui, na mtu mzima anakijua kitu hicho na ananyamaza. Mwenye kuhakiki picha za ngoma hii aanzie hapo, kwa sababu kazi ya kamera, tangu ilipobuniwa, ni kusema.

Picha za zamani zaidi ninazozijua za ngoma hii katika nchi yetu ni za Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, aliyefika mwaka 1906. Kwetu huku habari zake zina ladha ya pekee, maana mpango wake wa awali ulikuwa kuja upande wa Irangi na Ziwa Eyasi, jirani kabisa na Singida. Habari za machafuko zikambadilishia safari, akapelekwa kusini. Alikwenda na kamera ya picha, mashine ya kunasa sauti na mashine ya sinema. Kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka 1908 na kwa Kiingereza mwaka 1909. Humo zimo picha za wachezaji wenye vinyago katika unyago wa Wamakonde, na ya mchezaji wa mironjo aliyesimama juu kuliko paa la nyumba.

Tumpe Weule haki yake. Bila yeye tusingejua kwa macho jinsi wachezaji wa wakati ule walivyovaa. Aliipiga ngoma mahali pake, chini ya jua la kwao, wala hakuwachukua wachezaji na kuwapanga mbele ya pazia la studio. Anataja mahali alipopigia. Hayo si madogo, kwani ziko picha nyingi za baadaye zisizotaja hata wilaya.

Hata hivyo ukizitazama kwa muda utaona kasoro ambayo haitokani na lenzi. Mtu huyo huyo aliyepiga picha za vinyago ndiye aliyekuwa akinunua vinyago kwa ajili ya makumbusho. Kwake vitendo viwili hivyo vilikuwa kimoja, yaani kukusanya sampuli. Picha zake zinamwonyesha lipiko kama mdudu katika kijisanduku cha mwalimu wa sayansi: huyu ana pembe, huyu hana, huyu ni wa kike. Kuna kinyago na kuna nguo. Hakuna anayeogopa, na lipiko asiyemtisha mtu ni gogo lililochongwa.

La pili ni idhini. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905, na mwaka 1906 kusini yote ilikuwa bado inaugulia. Weule hakuwa mwanajeshi, na katika maandishi yake yapo mengi ya upole. Lakini alisafiri na askari, mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha kuona askari wanafanya nini. Mgeni wa namna hiyo akiomba kuchezewa ngoma, nani atamwambia hapana? Mtu anayeitazama picha ile leo amwone pia yule aliyesimama nyuma ya kamera, na yule mwenye bunduki aliyesimama nyuma yake.

Nusu karne baadaye, ng'ambo ya Ruvuma, walikuja Jorge Dias na mkewe Margot Dias, watafiti waliotumwa na serikali ya Ureno. Utafiti wao ulianza mwaka 1957, na vitabu vyao vikubwa kuhusu Wamakonde wa Msumbiji vilianza kutoka mwaka 1964. Margot Dias alipiga filamu kati ya 1958 na 1961. Kama kazi ya macho, filamu zake ni hatua mbele ya picha za Weule. Lipiko ni mwendo kabla ya kuwa sura. Hutetemeka mabega, hukimbia hatua fupi fupi, kisha ngoma kuu ikipigwa husimama kama aliyekatwa. Picha moja iliyoganda haiwezi kukuambia kama lipiko amesimama kwa amri ya ngoma au kwa amri ya mpiga picha. Filamu inaweza.

Lakini hapa tena swali la idhini linarudi kwa mlango wa nyuma. Watafiti hao hao walikuwa wakiandika taarifa za siri kuhusu hali ya siasa na kuzipeleka Lisbon. Tarehe 16 Juni 1960, huko huko Mueda, askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika mbele ya ofisi ya mtawala. Sisemi kwamba filamu za ngoma zilimuua mtu. Ninasema kwamba jicho lililojifunza siri ya mwenyeji lilikuwa na mwajiri, na mwajiri huyo hakuwa mwenyeji. Mhakiki akiliacha hilo kando kwa kuwa filamu ni nzuri, atakuwa amesoma nusu ya ukurasa.

Nisije nikaonekana ninazungumzia wageni tu, nieleze nilichokiona mwenyewe. Mwaka 1978, wakati wa kiangazi baada ya mavuno, mzee mmoja wa kijiji cha shule yetu alikuwa na wapwa wawili waliokuwa karibu kutoka jando. Alijua kwamba nina kamera ndogo. Akanifuata nyumbani jioni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Keshokutwa watoto wanatoka. Uje na hiyo kamera yako. Piga watoto, piga wajomba, piga akina mama wanavyocheza. Lipiko usimpige."

"Nimekusikia, Mzee."

Kwa mwalimu wa Kiswahili neno lile halikupita bure. Hakusema "usilipige." Alisema "usimpige." Vitabu vyetu vya sarufi vingeliweka neno hilo katika ngeli moja na jiwe na jembe, mzee aliliweka katika ngeli ya watu. Hakuwa akizungumzia kifaa, na hakuwa akinikataza kama askari wa lango. Alikuwa akinitambulisha kwa mtu mwingine atakayekuwapo, na kunieleza heshima anayostahili.

Nilifanya kama nilivyoambiwa. Mkanda ulikuwa wa picha 36. Niliupeleka Mtwara kusafishwa, nikarudi na bahasha, tukakaa barazani mzee na mimi. Aliziangalia moja moja, akitaja kila mtu kwa jina na ukoo. Akafika kwenye picha ya akina mama. Wote wanatazama upande mmoja, nje ya picha. Watoto wameshika kanga za mama zao. Msichana mmoja amekwisha kugeuka kukimbia, na huku anacheka. Mzee akaweka kidole kwenye ukingo wa karatasi, pale ambapo picha inakwisha.

"Alitokea upande huu," akasema.

Akachukua ile picha kuliko zote nyingine.

Nimeona picha nyingi za mapiko tangu siku hiyo, katika vitabu, kalenda na kadi za posta, na nyingi zilipigwa na watu wenye ufundi mara kumi kuliko wangu. Kwa ufundi zinanishinda. Lakini karibu zote zina kasoro moja: zimemkata lipiko kutoka kwa watu wanaomtazama. Mpiga picha amesogea karibu, ameyalenga macho ya kinyago kana kwamba ni macho ya mtu, na nyuma ameacha giza au ukungu wa rangi. Lakini nimekwisha kusema kwamba mchezaji haoni kupitia macho yale. Kwa hiyo picha inatazamana na mti, na mtu yuko chini kidogo, mdomoni, anakutazama na wewe humtazami. Afadhali hata makumbusho, ambako kinyago husimikwa juu ya kijiti na kila mtu akaelewa kwamba mwenyewe hayupo.

Sasa nikabiliane na hoja nzito kuliko zote, maana mhakiki asiyejibu hoja ya upande wa pili anajidanganya. Hoja hiyo ni hii: siri ya lipiko ni ujanja wa wanaume wa kuwatisha wanawake na watoto, na kamera inayoifichua inafanya kazi ya haki. Nimeisikia kwa vijana wasomi, na haina upuuzi ndani yake. Kitisho chochote kinachotumiwa kumnyamazisha mwanamke kinastahili kuulizwa maswali.

Nilimuuliza mwalimu mwenzangu wa kike, mzaliwa wa huko huko Newala, kama wanawake kweli wanaamini kwamba ni mzuka. Alicheka mpaka akaweka chaki chini.

"Mwalimu, kinyago kinavaa viatu vya kaka yangu, nisimjue? Tunajua tangu wasichana. Lakini tukisimama kumkodolea macho, wao watacheza na nani? Kukimbia ndiyo ngoma yetu sisi. Na sisi tunayo yetu, unyagoni. Wewe unayajua?"

Sikuyajua, na nilimwambia hivyo. Akasema, "Basi na wewe unacheza vizuri."

Tangu hapo nimeona kwamba ile hoja ya haki imekosea mahali pamoja. Inadhani siri ni habari, na kwamba habari ikishatoka siri imekwisha. Lakini pale watu wazima wote wanayo habari. Kinacholindwa ni zamu ya kila mmoja: wanaume wafunike, wanawake wakimbie, watoto waogope mpaka siku yao ifike. Picha inayomwonyesha mchezaji akiwa amevua kinyago na kujipangusa jasho haimfundishi mwanamke wa Newala kitu asichokijua. Inamnyang'anya mchezo wake. Na mtoto inamwibia mtihani, kwa kumpa majibu kabla ya kuingia darasani. Mimi nimesimamia mitihani miaka mingi, na najua kwamba mtihani uliovuja haumwachi mtoto na elimu zaidi.

Ipo hoja nyingine, ya hifadhi. Watu husema, tusipopiga picha yote haya yatapotea. Hoja hii ninaikubali nusu. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yaliibiwa vitu kadhaa, na kimoja kilikuwa kinyago cha Kimakonde. Kilionekana baadaye katika makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva, ambayo yalikuwa yamekinunua huko Ulaya. Mazungumzo ya kukirudisha yalianza mwaka 1990, na kinyago kikarejeshwa Tanzania mwaka 2010. Miaka 20 ya barua kwa kinyago kimoja! Katika mashauri ya namna hiyo orodha yenye picha ndiyo shahidi. Asiye na kumbukumbu atasema hiki ni changu kwa ushahidi gani? Kwa hiyo kinyago kilichowekwa makumbusho na kipigwe picha mbele, nyuma na pembeni, na picha itunzwe penye usalama. Lakini hiyo ni picha ya mali. Kumpiga lipiko uwanjani, siku ya watoto kutoka, ni jambo jingine, na kibali cha lile la kwanza hakifungui hili la pili.

Aidha, tusidhani kwamba sheria ni moja kwa ngoma zote za vinyago duniani. Mwaka 2005 UNESCO ilizitangaza kwa pamoja, miongoni mwa nyingine, ngoma ya Gule Wamkulu ya Wachewa wa Malawi, Msumbiji na Zambia, na ngoma ya vinyago na magoma ya kijiji cha Drametse katika nchi ya milimani ya Bhutan. Ya Wachewa ni ndugu wa lipiko, kwani mle nako kinyago ni mzuka na wanaojua ni waliofunzwa. Ya Bhutan ni ya dini ya Buddha, na mantiki yake ni kinyume kabisa. Katika sikukuu zao watawa na watu wa kawaida huvaa vinyago vya miungu na vya wanyama, na watu hutoka mbali kuja kutazama kwa sababu kutazama kwenyewe ni baraka. Pale mpiga picha hamfichui mtu. Kosa lake, akilifanya, ni la kusukumana mpaka mbele na kumkinga bibi kizee aliyetembea kutwa nzima ili aone.

Hata hivyo nako wamejiwekea ukingo. Katika sikukuu ya Paro hutandazwa kitambaa kikubwa mno chenye sura takatifu, kikining'inia ukutani. Hutandazwa kabla ya mapambazuko na kukunjwa kabla jua halijakigusa. Mpiga picha anayesubiri mwanga mzuri anakuta kimekwisha ondolewa. Naupenda utaratibu huo. Haumfukuzi mtu, haumtozi faini, haumnyang'anyi kamera. Umepanga tu kwamba kitu kile ni cha walioamka mapema.

Leo, bila shaka, mambo yamezidi. Wakati wangu mkanda ulikuwa na picha 36 na ulikuwa ghali, hivyo mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Sasa kila kijana ana simu, na picha inafika Singida kabla lipiko hajatoka uwanjani Newala. Wajukuu wangu wameniletea nyingi. Nimezitazama kwa miwani na kwa uvumilivu, na nimeona kwamba zimegawanyika makundi mawili ambayo haifai kuyachanganya.

Kundi la kwanza ni la jukwaani. Kuna tamasha la MaKuYa mjini Mtwara, ambalo hukutanisha ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao. Kuna sherehe za kitaifa na mapokezi ya wageni. Lipiko wa pale ametoka kwa makubaliano ya wenyewe, mchana, mbele ya viti na vipaza sauti. Sina ugomvi na picha zake. Wala sitaki tumlilie lipiko kama kwamba zamani alikuwa safi na leo ameharibika. Wamakonde hawakungoja kamera ili wabadilishe vinyago vyao. Walichonga Mzungu, walichonga askari, walichonga kila aliyewajia na mambo mapya, wakamchezesha na kumcheka. Ngoma hii imezoea kumeza wageni. Huenda imekwisha kummeza na mpiga picha, na siku moja tutaona kinyago chenye lenzi kifuani.

Kundi la pili ni la zile zilizopigwa kwa kuibia, nyuma ya nyumba, mchezaji akivishwa au akivuliwa, watoto wa jando wakionekana sura. Hizi nazihukumu bila kusita kuwa ni mbaya, hata zikiwa zimetoka kama maji ya kisima. Ubaya wake ni wa kimaadili, na pia ni wa sanaa. Mpiga picha wa namna hii amefika kwenye kitu ambacho uzito wake wote uko katika kungoja, naye amekataa kungoja. Kilichobaki mkononi mwake ni mtu mwenye jasho na kipande cha mti. Hicho angekipata popote.

Basi nikiulizwa vipimo vyangu ni vipi, ni vitatu, na mwalimu yeyote anaweza kuviandika ubaoni. Kwanza, picha inawaonyesha wanaotazama, au imemwacha lipiko peke yake kama mfungwa? Pili, mchezaji ameachwa amefunikwa, au ametolewa hadharani na mtu asiyekuwa na zamu ya kumtoa? Tatu, picha imerudi kwa wenyewe? Ukipiga picha kijijini kisha usiirudishe, umechukua, na neno lake kwa Kiswahili unalijua. Weule angepata alama moja kati ya tatu, na hiyo ingekuwa ya pili, kwa kuwa vinyago vyake vimebaki usoni. Filamu za Margot Dias zingepata zaidi kwa lile la kwanza. La tatu liliwashinda wote wawili. Leo, kwa kuwa picha husafiri bila nauli, hakuna udhuru tena.

Na wewe msomaji una sehemu yako. Ukipewa kalenda ya mwaka mpya yenye picha ya lipiko, usiishie kusema ni nzuri. Geuza karatasi, utafute mambo matatu: jina la kijiji, jina la mchongaji, na nani aliruhusu. La mchezaji usilitafute. Hilo si letu. Usipoyaona hayo matatu, mwandikie mchapishaji umuulize. Mimi nimekwisha kuandika barua mbili kwa mchapishaji mmoja na sijajibiwa. Ya tatu nimeianza leo asubuhi.